Paja linapochomachoma na kufa ganzi

Umesimama kwenye foleni ya matatu jioni, mara unahisi upande wa nje wa paja unawaka kana kwamba umepakwa pilipili. Ukiugusa, ngozi imekufa ganzi, lakini suruali ikisugua hapo unaumia. Ukiketi, unapata nafuu. Wengi wanaopatwa na jambo hili hudhani wanaanza kupooza. Wengine huamini uti wa mgongo umeharibika, wakatumia pesa nyingi kupigwa picha. Mara nyingi si hili wala lile.

Madaktari huuita ugonjwa huu meralgia parestetika. Ulielezwa mwaka wa 1895 na Bernhardt wa Ujerumani na Roth wa Urusi, na mwaka uo huo Sigmund Freud, yule mtaalamu wa magonjwa ya akili, aliandika jinsi ulivyompata yeye mwenyewe. Basi si ugonjwa mpya, wala hujarogwa.

Chanzo chake hakiko pajani. Kuna neva, yaani mshipa wa fahamu (si mshipa wa damu, wala mshipa wa ngiri), utokao kwenye uti wa mgongo sehemu ya kiuno. Hupita chini ya kano ya kinena, karibu na ule mfupa wa nyonga unaougusa ukishika kiuno, kisha husambaa kwenye ngozi ya paja. Hapo kwenye kano nafasi ni finyu, na neva ikibanwa, paja ndilo linalolalamika. Kazi ya neva hii ni kupeleka hisia za ngozi tu. Haiendeshi msuli wowote. Ndiyo sababu mguu hauishiwi nguvu hata paja likiwaka namna gani.

Ni nini kinachoibana? Kitambi ni mshtakiwa wa kwanza. Mimba pia, hasa miezi ya mwisho, na kwa kawaida hali hutulia baada ya kujifungua. Kisha kuna mavazi: mshipi uliokazwa, suruali ya kubana, leso iliyofungwa kiunoni kwa nguvu, na mshipi mzito wa askari au wa fundi aliyening'iniza vyombo vyake. Kusimama kwa saa nyingi huzidisha. Wenye kisukari hupatwa zaidi kuliko wengine, kwa hivyo usitoke kliniki bila kupimwa sukari.

Matibabu huanzia kabatini mwako. Legeza mshipi, vaa nguo pana, na ikiwa kazi yako ni ya kusimama, tafuta nafasi ya kuketi kila baada ya muda. Punguza uzito ikiwa umezidi. Hili ndilo gumu, na ndilo linalosaidia wengi. Tafadhali usikande mahali penye ganzi kwa maji ya moto au chupa ya moto. Ngozi isiyohisi huungua bila wewe kujua. Sindano za vitamini ambazo watu hudungwa ovyo kwenye maduka ya dawa hazilegezi neva iliyobanwa.

Vidonge vya kawaida vya maumivu mara nyingi havifui dafu mbele ya maumivu ya neva. Daktari anaweza kukuandikia amitriptilini kwa kipimo kidogo, unywe usiku kwa kuwa huleta usingizi. Ukisikia kwamba dawa hiyo hupewa wenye huzuni kubwa, usishtuke. Kwa neva hutumiwa kwa sababu nyingine.

Lakini kuna dalili zisizolingana na ugonjwa huu. Goti likikulegea unapopanda ngazi, maumivu yakiteremka chini ya goti, au yakiandamana na homa au kukonda, mwone daktari upesi. Malengelenge yakitokea mahali panapouma, huenda ni mkanda wa jeshi, ambao dawa yake hufaa ikianzwa mapema. Na ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au ganzi ikiingia katikati ya mapaja na sehemu za siri, nenda hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wengi hupata nafuu kwa majuma au miezi michache bila lolote zaidi. Wasiopata, daktari anaweza kuwadunga dawa ya ganzi pamoja na steroidi karibu na neva pale nyongani. Upasuaji wa kuilegeza neva upo, ila wanaouhitaji ni wachache sana.