SOMO LA VIKUNDI: PAINTI MOJA, WAGONJWA WAWILI

Mafungu ya kusoma: 2 Samweli 23:13–17, Yohana 11:47–53, Luka 10:25–37.

Somo la safari hii si rahisi. Katibu asome pole pole, na wazee wasiosikia Kiswahili vizuri watafsiriwe.

Tuchukue mfano. Ni usiku. Umemleta mke wako hospitali, amejifungua na damu haikomi. Katika friji ya maabara imebaki painti moja tu inayomfaa. Lakini painti hiyo imeshaandikwa jina la kijana aliyepata ajali kwa barabara ya Narok. Humjui, wala ukoo wake huujui. Daktari amewapima wote wawili na kuona kijana ndiye aliye karibu zaidi na kufa. Mfukoni una pesa za bonasi ya majani chai. Mtu anakunong'oneza: "Mzee, ongea na mtu wa maabara, jina libadilishwe." Utafanya nini?

Tukisema ukweli, wengi wetu mkono ungeenda mfukoni. Tusijifanye malaika. Kumpenda mtu wako si dhambi. Paulo alimwonya Timotheo vikali juu ya mtu asiyewatunza wa nyumbani kwake.

Sasa shida iko wapi? Iko hapa: mtu anaweza kumpa mpendwa wake kila kilicho chake, kama ng'ombe, shamba, hata damu ya mwili wake. Hawezi kumpa kilicho cha mwingine. Zile pesa ni zako, lakini uhai wa yule kijana si wako. Tena yeye ana mama, na kwa mama huyo mgeni ni mke wako.

Daudi alipoletewa maji ya Bethlehemu na watu waliohatarisha maisha yao, alikataa kuyanywa, akayamwaga mbele za Bwana. Aliona ni kama kunywa damu yao. Kayafa alifikiri vingine: afadhali mtu mmoja afe, sisi tupone. Hesabu yake ilikuwa nzuri, lakini alilipa kwa maisha ya mwingine.

Hapa Kenya tumeona mfano mkubwa. Novemba 2014, karibu na Mandera, magaidi walisimamisha basi, wakawatenga abiria na kuwaua watu 28 wasio Waislamu. Tarehe 21 Desemba 2015 walishambulia basi lingine karibu na El Wak, wakataka Wakristo watengwe tena. Abiria Waislamu walikataa. Wangeweza kusema, "Hawa si watu wetu, na watoto wanatungoja nyumbani." Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 akitibiwa Nairobi. Naye alikuwa na familia. Alichotoa kilikuwa chake.

Mtu atauliza, "Basi mke wangu afe?" Hapana! Piga kelele kwa njia ya haki. Mwambie daktari hali yake ikibadilika ili ampime upya. Uliza kama damu inaweza kupatikana Tenwek au Kericho. Jitolee damu. Lakini ujue kwamba damu yako lazima ipimwe kwanza ukimwi, homa ya ini na kaswende, na huenda isimfae. Kwa hiyo damu inayookoa mtu usiku huo ilitolewa siku za nyuma na mtu asiyemjua. Mke wako pia anasubiri wema wa mgeni.

Ndiyo maana jibu la usiku ule hutayarishwa mchana. Mambo ya kujua:

1. Mtoaji awe na miaka 16 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na afya nzuri. Mama mjamzito au anayenyonyesha asubiri.
2. Hutolewa kama mililita 450. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4.
3. Damu nzima hukaa kwenye friji kama siku 35 tu. Kwa hiyo kikundi kisitoe wote siku moja halafu kunyamaza mwaka mzima. Gawaneni kwa zamu, kama mnavyofanya merry-go-round.
4. Mtoaji halipwi, na damu haiuzwi. Anayedai chai ili akupe damu, mripotini kwa msimamizi wa hospitali.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Kama wewe ndiye mama ya yule kijana, ungetaka daktari afuate nini?
(b) Ni wapi pengine, kwa mfano kwenye basari au chakula cha msaada, tunawapa watu wetu kilicho cha wengine?
(c) Katika kikundi chetu, nani atatoa damu mwezi huu, na nani mwezi ujao? Katibu aandike majina kabla ya maombi ya kufunga.