SOMO LA WIKI: Oda kwa simu mezani, faida iko wapi?

Kampuni ya baa ya J D Wetherspoon ya Uingereza, ambayo hisa zake ziliingia Soko la Hisa la London mwaka 1992, ilianza mwaka 2017 kuwawezesha wateja kuagiza kwa simu wakiwa wameketi. Mteja hufungua programu, huchagua tawi, huandika namba ya meza, hulipa, kisha husubiri. Kwa kawaida mnywaji wa huko huagiza kaunta, na foleni ndefu ni mauzo yanayopotea. Septemba 2020, serikali ilipoamuru baa za England zihudumie wateja mezani tu kutokana na Uviko, waliokuwa na mfumo huo tayari walikuwa mbele.

Migahawa mingine hubandika alama ya QR mezani. Alama hiyo ilibuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Kuichapa ni senti chache. Fedha inakwenda kwenye programu, ada ya malipo na intaneti.

Mwekezaji na apige hesabu hii ya mfano. Mgahawa una meza 20, na kila kundi linakaa dakika 60, zikiwamo za kumngoja mhudumu, bili na chenji. Simu ikiokoa dakika 10, katika saa 3 za chakula cha mchana makundi yanapanda kutoka 60 hadi 72. Ongezeko ni asilimia 20, kodi ya pango ikiwa ileile.

Hata hivyo, makundi hayo 12 lazima yawepo mlangoni yakisubiri nafasi. Mgahawa wenye meza tupu saa saba mchana hauna dakika za kuuza. Aidha, jiko lazima liweze. Likiwa na uwezo wa sahani za makundi 60 tu, oda zitaingia haraka na chakula kitachelewa vilevile, tena sasa mteja ameshalipa na anadai fedha yake. Hapo ingefaa zaidi kununua jiko la pili. (Mama lishe hahusiki, chakula chake kimeshaiva.)

Faida isiyotajwa sana ni kwamba fedha huingia kabla ya chakula kupikwa, hivyo hakuna anayeondoka bila kulipa. Lakini wenye simu za kawaida na wanaolipa taslimu bado wanahitaji mhudumu, na mshahara wake hauna budi kubaki katika hesabu.