Mtoto Aliyefikiwa na Pombe Tumboni: Huduma Zilipo na Namna ya Kuzifikia

Kijitabu cha kaya za Ukata, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Pombe anayokunywa mjamzito haiishii kwake. Huingia kwenye damu, huvuka kondo la nyuma, na baada ya muda mfupi mtoto naye huwa na kilevi karibu sawa na cha mama. Ini la mama limekomaa na linajua kukisafisha. La mtoto bado. Ndiyo maana kilevi humkalia muda mrefu na kuumiza zaidi ubongo, ambao hujengwa tangu wiki za mwanzo hadi siku ya kuzaliwa.

Madhara haya yalielezwa na madaktari wa Nantes, Ufaransa, mwaka 1968, kisha Seattle, Marekani, mwaka 1973. Si ajabu basi kwamba bibi zetu hawakuyapa jina. Waliona mtoto mzito wa kuelewa, wakasema amerogwa, au amerithi ukoo wa baba, au mama yake hakumlea vizuri.

Pombe ipi inadhuru?

Yote. Komoni, ulanzi, gongo, bia ya chupa, mvinyo wa harusini. Hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito, wala mwezi ulio salama. Ulanzi mtamu wa asubuhi huwapotosha wengi kwa sababu unanyweka kama maji ya matunda, ilhali utomvu wa mwanzi huanza kuchacha ukiwa bado kwenye chombo cha kukingia. Togwa mbichi ya siku hiyohiyo ni jambo jingine, nayo inafaa kwa mtu anayetoka shambani na kiu.

Tuseme ukweli kuhusu shamba. Kwenye ngoro, mwanamume hufyeka na kupanga majani, lakini kufukia kwa jembe kwa kawaida ni kazi ya mwanamke, mjamzito au si mjamzito. Kikombe cha komoni jioni anapewa "apate nguvu". Anayetaka mke au mkwe wake aache pombe aanze kwa kumpunguzia jembe. Na aliyejifungua asiambiwe kwamba pombe huongeza maziwa. Kilevi huzuia maziwa kushuka vizuri.

Uliyekunywa kabla hujajua kuwa una mimba, acha leo. Mwezi wowote utakaoacha, mtoto anafaidika. Ila kwa anayekunywa kila siku, ambaye mikono hutetemeka asubuhi asipopata pombe, kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani ni hatari: anaweza kupata degedege. Huyo apelekwe kituo cha afya akasaidiwe kuacha chini ya uangalizi.

Utamtambuaje?

Baadhi huzaliwa wadogo, chini ya kilo 2.5, na hawakui kama wenzao. Wachache huwa na macho yenye mwanya mfupi, mdomo mwembamba wa juu na sehemu iliyolala bapa kati ya pua na mdomo. Lakini wengi hawana alama yoyote usoni, kwa hiyo tusianze kukagua nyuso za watoto wa jirani mnadani.

Tazama zaidi maendeleo na mwenendo. Mtoto wa miezi 9 hajaweza kukaa bila kushikwa. Wa miezi 18 hajatembea. Wa miaka 2 haunganishi maneno mawili. Akikua: leo anajua kuhesabu hadi kumi, kesho amesahau kabisa. Umemtuma vitu vitatu, amerudi na kimoja. Anachapwa kwa kosa, na keshokutwa analirudia kama hajawahi kuadhibiwa. Watu huita ukaidi. Mara nyingi ni ubongo usioweza kuunganisha kosa la juzi na tendo la leo.

Dalili hizi zinaweza kutokana na mambo mengine: malaria kali ya utotoni, mtoto kuchelewa kulia alipozaliwa, utapiamlo, masikio yasiyosikia. Ndiyo sababu ya kwenda kupimwa badala ya kuamua wenyewe nyumbani.

Huduma zinaanzia wapi?

Familia nyingi hukwama kwa kudhani kwamba bila daktari bingwa kutaja jina la tatizo, hakuna msaada. Sivyo. Huduma nyingi tulizo nazo hutolewa kwa kufuata shida ya mtoto: asiyesikia atibiwe masikio, mwenye kifafa apewe dawa, asiyekua afuatiliwe lishe, asiyeelewa darasani apangiwe namna ya kufundishwa. Huhitaji kusubiri Muhimbili kuyaanza haya.

Anza na zahanati yako, siku ya kliniki ya watoto. Beba kadi ya mtoto, na kadi ya ujauzito kama ipo. Kisha yasemwe maneno ambayo wengi huyameza: "Nesi, nilikunywa pombe nikiwa na mimba ya mtoto huyu. Naomba maendeleo yake yapimwe." Kama mama hayupo au ameshindwa kusema, bibi au shangazi anayemlea aseme. Taarifa hii moja inaweza kuokoa miaka ya kuzunguka. Omba iandikwe, ili usiirudie upya kwa kila mhudumu.

Kwa wahudumu watakaosoma kijitabu hiki: mama aliyefokewa mara moja harudi. Ulizeni kuhusu pombe kwa kila mjamzito, kama mnavyouliza kuhusu chakula, faragha, bila mume wala mama mkwe kusikiliza.

Zahanati ikishindwa, omba rufaa ya maandishi. Kwa wa milimani kuna hospitali ya wilaya mjini Mbinga na hospitali ya Litembo. Kwa wa ziwani, Liuli. Juu ya hapo kuna Peramiho na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Songea. Omba apimwe masikio, macho, moyo na ukuaji, na uulize kuhusu mazoezi ya viungo. Kwa sera ya taifa, mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure katika vituo vya umma. Nauli ndiyo hubaki mzigo, hivyo uliza siku gani mtaalamu unayemhitaji yupo kabla ya kupanda gari.

Mtu wa pili wa kumwona ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Wengi humfahamu kwa kesi za matunzo tu, lakini ndiye anayeshughulikia pia watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya matibabu, elimu na ulinzi. Kaya isiyojiweza iulize serikali ya kijiji kuhusu mpango wa TASAF. Mtoto akipigwa, akifungiwa ndani au akitumiwa vibaya, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Nyumbani na shuleni

Hakuna dawa ya kurudisha ubongo ulioumia. Hata hivyo, utafiti wa Seattle wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba waliotambuliwa kabla ya miaka 6 na kulelewa katika nyumba tulivu, isiyo na ukatili, walipata matatizo machache zaidi ukubwani. Utulivu huo hauhitaji fedha nyingi. Mtume jambo moja kwa wakati: "Mwanangu, kalete kuni." Akirudi, umtume lingine. Mwonyeshe kwa mkono, usimhubirie. Kula, kuoga na kulala viwe saa zilezile kila siku. Fimbo iweke kando. Haimfundishi, inamfundisha kujificha tu.

Mwalimu aelezwe mapema, kabla hajampachika jina la mtukutu. Mtoto akae mbele, mbali na dirisha, apewe kazi fupi. Zipo shule za msingi zenye kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili; afisa elimu maalumu wa halmashauri ndiye ajuaye ya karibu ni ipi.

Akishakuwa mtu mzima

Hapa huduma huwa chache na hatari huwa nyingi. Kijana huyu huamini kila anayemchekea. Ndiye anayebebeshwa mzigo wa wizi, ndiye anayesaini asichokielewa, na pombe yenyewe humnasa upesi kuliko wenzake. Familia imchagulie mtu mmoja anayemwamini, kaka au shangazi, wa kufuatana naye hospitalini, ofisini na polisi, na wa kumweleza mambo taratibu. Akipata shamba la kahawa la urithi, mtu huyo awepo AMCOS inapolipa, hesabu ifanywe mbele yao wote wawili, na fedha ya mbolea na chakula itengwe siku hiyohiyo kabla hajapita kilabuni.