Halijoto ya Jangwa kwa Jicho la Setilaiti: Mfano wa Chalbi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi setilaiti zinavyotumia mawimbi ya maikrowevu kuchunguza halijoto ya majangwa, na kwa nini matokeo yake hayana budi kuelezwa kwa istilahi bayana. Mfano wetu ni Jangwa la Chalbi, katika Kaunti ya Marsabit, mashariki ya Ziwa Turkana. Mji wa Marsabit uko juu ya mlima wenye msitu na ubaridi, ilhali wafugaji wa Chalbi wamo nyikani chini, penye chumvi na mchanga. Kipimajoto cha mlimani hakiwezi kuwasemea. Setilaiti yaweza kuliziba pengo hilo, mradi tuelewe inachokisema.

Kinachopimwa

Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho. Chombo cha setilaiti hakiigusi ardhi. Hupokea mnururisho wake tu. Tuchukue mfano wa ardhi yenye nyuzi 47 za Selsiasi, yaani kelvini 320. Iwapo uwezo wake wa kunururisha ni 0.9 ya ule wa kitu kamilifu, chombo kitasoma kelvini 288, yaani nyuzi 15, kana kwamba Chalbi ni Eldoret asubuhi! Kipimo hiki twaweza kukiita halijoto-mng'ao. Ili kupata halijoto halisi, sharti uwezo wa ardhi kunururisha ujulikane. Aidha, Chalbi ilikuwa ziwa hapo kale, na mvua kubwa huifurisha. Kwa kuwa maji hunururisha kwa uhafifu, kipimo hushuka hata kama ardhi haikupoa kwa kiasi hicho.

Kina cha Mchanga

Vyombo vya mawimbi ya infraredi husoma ngozi tu ya ardhi, tena huzuiwa na mawingu. Maikrowevu hupenya mawingu mengi, na hupenya mchanga mkavu pia. Mwaka 1981, rada iliyobebwa na chombo cha Columbia ilifichua mabonde ya mito ya kale chini ya mchanga wa Sahara, nchini Misri na Sudan. Vivyo hivyo, mnururisho unaopokewa kutoka jangwani huweza kuwa umetoka sentimita kadhaa chini ya uso. Adhuhuri, mchanga wa chini huwa baridi kuliko wa juu. Usiku mambo hugeuka. Nyumba njema si mlango.

Hewa

Hewa nayo hupimwa kupitia oksijeni, ambayo hunururisha karibu na gigahezi 60. Tangu mwaka 1978 setilaiti zimetumia njia hii kupima matabaka mazito ya angahewa. Hata hivyo, hewa iliyo karibu na ardhi, ile aivutayo mchungaji, ni vigumu kuitenga kwa sababu mnururisho wa ardhi huchanganyika nao.

Hitimisho

Kwa hiyo neno 'joto' pekee halitoshi. Tunahitaji kubainisha halijoto ya uso wa ardhi, halijoto ya chini ya uso, na halijoto ya hewa. Adhuhuri mchanga waweza kuizidi hewa kwa nyuzi 20 au zaidi. Mfasiri wa taarifa za ukame akizichanganya, mfugaji ataonywa kuhusu joto lisilokuwapo, au hataonywa kabisa. Jukumu hilo ni la mwanafizikia, na ni letu pia wanafunzi wa Kiswahili.