Sensa ya joto la injini: naweza kuibadilisha mwenyewe?

Swali: Fundi, Toyota Vitz yangu inasumbua kuwaka na inakula mafuta. Nimeambiwa ni sensa ya joto la maji. Nibadilishe mwenyewe?

Jibu: Unaweza, ila ipime kwanza kwa mita. Sensa nzima husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Kama iko sawa, kagua waya na soketi yake.

Kama imekufa, acha injini ipoe kabisa. Rejeta ya moto ikifunguliwa hurusha maji yanayounguza. Chomoa hasi ya betri, punguza kulanti, chomoa soketi, fungua sensa kwa spana. Funga mpya na gasketi yake, usikaze kupita kiasi. Jaza kulanti, toa hewa, kagua kama inavuja.