Kusafisha Jicho la Kamera Bila Kuliharibu

(Somo kwa wanachama, kutoka kwa Katibu)



Msimu uliopita bwana mmoja wa upande wa Konde alinijia ofisini na simu yake, akanionyesha picha za mkarafuu wake. Mti ule ulikuwa umeanza kugeuka manjano kileleni, na majani ya upande mmoja yakipukutika. Alitaka picha zipelekwe kwa bwana shamba ili apate kujua kama ni maradhi, au ni mchwa, au ni jua tu. Tulizipeleka siku ile ile. Jawabu lilirudi kwamba picha hazisomeki, kwani zote zina ukungu mweupe, na hayawezi kupambanuliwa manjano ya jani na mwangaza wa mbingu. Niliitwaa ile simu nikaielekeza dirishani, nikaona alama ya kidole gumba imekaa barabara juu ya kijioo cha kamera. Bwana yule alikuwa akichambua karafuu tangu asubuhi. Mafuta yalikuwa vidoleni mwake, na kutoka vidoleni yakahamia kiooni.

Picha nyingine zilipigwa siku ya nane, kioo kimekwisha safishwa. Siku hiyo mti ulikuwa mtupu.

Nami sina haki ya kumlaumu, maana kosa langu ni kubwa kuliko lake. Ile kamera ya chama, iliyonunuliwa kwa michango yenu, niliichukua siku moja kwenda kupiga picha za majamvi ya kuanikia. Njia ilikuwa kavu, vumbi jingi. Nilipofika nikaona kioo kimefifia, nikakisugua kwa mkono wa kanzu yangu kama mtu asuguaye miwani. Kanzu ilikuwa safi kwa macho. Lakini juu ya kioo palikuwa na chembe za mchanga, nami nilizisukuma huku na huko kwa nguvu ya kidole. Mikwaruzo ile ingaliko hata leo, na kila tupigapo picha kuelekea upande wa jua yaonekana kama utando. Basi somo hili ni deni langu kwenu.

Kwanza yafaa tujue ni kitu gani tunachokisafisha. Kile kioo cha mbele, kiitwacho lenzi, si kioo kitupu kama cha dirisha. Kioo kitupu hurudisha nyuma kama sehemu 4 katika kila sehemu 100 za mwanga unaokipiga, na ndani ya kamera mna vioo vingi, kwa hiyo hasara huongezeka. Mwaka 1935 bwana Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Zeiss huko Ujerumani, alivumbua njia ya kukipaka kioo ngozi nyembamba ya madini ili mwanga upite badala ya kurudi. Ngozi hiyo unene wake ni kama sehemu moja katika sehemu 10,000 za milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hiyo mara mamia. Ukiielekeza lenzi dirishani utaiona ina rangi kama ya zambarau au kijani. Hiyo ndiyo ngozi yenyewe, siyo uchafu, na mtu asijaribu kuiondoa. Leo lenzi nyingi zina ngozi kadha wa kadha, moja juu ya moja.

Sasa fikiri habari ya mchanga. Udongo wa mashamba yetu una chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo. Chembe moja ikikaa juu ya lenzi haina madhara yoyote. Chembe hiyo hiyo ikiwa chini ya kitambaa, na juu ya kitambaa kidole, imekuwa msasa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, maana tunaliogopa vumbi ambalo haliharibu picha, tukalitoa kwa njia inayoharibu kamera. Chukua kamera yenye chembe tatu nne za vumbi mbele, upige picha, uitazame: hutaziona. Ziko karibu mno na kioo, kamera haiwezi kuzichora. Kazi yake ni kupunguza mwanga kidogo sana, basi. Hata ule mkwaruzo mmoja mdogo mara nyingi hauonekani, mpaka uwe mwingi kama wangu.

Mafuta ni habari nyingine. Alama ya kidole hutandaa, na mwanga ukipita ndani yake hutawanyika kila upande. Ndio ukungu ule mweupe wa picha za Konde, hasa jua likiwa mbele yako. Kwa hiyo kanuni yangu siku hizi ni hii: vumbi dogo naliacha, mafuta nayaondoa upesi. Mafuta yakikaa siku nyingi hushika, tena huvuta vumbi.

Kabla ya kufanya lolote, osha mikono kwa sabuni na uikaushe. Tangu chuoni tulizoea kutougusa msahafu bila kutawadha. Kamera si msahafu, lakini mkono uliotoka kwenye makonyo haufai kuigusa. Mkulima wa karafuu ana jambo lake hapa ambalo mpiga picha wa mjini hana, nalo ni kuwa mafuta ya karafuu hulainisha baadhi ya plastiki, na kamera nyingi za leo, na vifuniko vyake, ni plastiki. Wako waliokwisha niambia kwamba, kwa kuwa karafuu hufukuza kuvu, watatia punje chache ndani ya mkoba wa kamera. Tafadhali msifanye. Mvuke wa mafuta yake waweza kutua juu ya kioo, nawe utakuwa umejiletea utando kwa mkono wako.

Kisha toa vumbi bila kugusa. Kiko kipira cha kupulizia kinachouzwa na wauza kamera. Ukikikosa, kipira kipya kama kile cha kuvutia kamasi za mtoto mchanga chatosha, lakini kwanza kiminye mara nyingi hewani, maana baadhi yao huwa na unga ndani. Elekeza kamera chini ili chembe zianguke zisirudi, upulize kutoka pembeni. Usipulize kwa mdomo. Hujui mate mangapi yanatoka mpaka uyaone yamekauka juu ya kioo. Chembe zilizong'ang'ania ziguse kwa brashi laini ya manyoya, ambayo haikupata kutumika kwa kazi nyingine na ambayo ncha zake hukuzishika kwa vidole. Pitisha brashi kwa wepesi, kama unayemwondolea mtoto mchanga unyasi usoni akiwa amelala.

Mara nyingi kazi imekwisha hapo. Itazame lenzi kwa mshazari penye mwanga. Kama hapana alama ya mafuta, rudisha kifuniko, uende zako.

Kama alama ipo, chukua kitambaa laini cha nyuzi ndogo ndogo, kile wanachotoa mafundi wa miwani. Tia tone moja au mawili ya dawa ya kusafishia lenzi. Dawa itiwe katika kitambaa, isidondoshwe juu ya kioo, kwani maji hukimbilia ukingoni yakaingia ndani, na yakiingia hayatoki. Anza katikati, zungusha polepole kuelekea nje, bila kukandamiza. Geuza kitambaa upate upande mkavu, urudie. Isipotoka mara ya kwanza, ongeza tone, usiongeze nguvu. Asiye na dawa aweza kukihohea kioo kwa pumzi ya joto, mdomo wazi, bila kupuliza, kisha akapangusa. Lakini iwe kwa dharura, na baada ya vumbi kuondolewa, siyo kabla.

Vitu vya kuepukana navyo ni vingi, nami nitavitaja vile nilivyoviona kwa macho yangu vikitumiwa: pindo la kanga, fulana, karatasi ya chooni, mafuta ya taa, siki, dawa ya meno, na ile dawa ya kusafishia vioo vya madirisha. Kanga na fulana hubeba mchanga, jasho na mabaki ya sabuni. Karatasi hukwaruza na kuacha nyuzi. Hizo nyingine zaweza kuidhuru ngozi ile tuliyoitaja, au plastiki iliyo pembeni yake.

Kitambaa nacho kina adabu zake. Kikianguka chini, hakitumiki tena mpaka kifuliwe. Kifuliwe peke yake, kwa sabuni kidogo, kisuuzwe sana, kianikwe ndani ya nyumba, siyo uwanjani karibu na majamvi. Kiwekwe ndani ya mfuko wake, siyo mfukoni pamoja na funguo.

Wenye simu wana kazi nyepesi zaidi, kwani kijioo cha nje ni kigumu na kidogo. Hata hivyo mfuko wa suruali una mchanga, na simu hushikwa kutwa. Puliza, kisha pangusa kwa kitambaa kile kile cha miwani. Ifanye kabla ya kupiga picha ya jani au ya gome, siyo baada ya picha kukataliwa.

Anayevuka bahari baina ya Mkoani na Unguja akikaa nje ya chombo, atakuta kioo kina madoa ya chumvi. Chumvi kavu isisuguliwe. Ilainishwe kwanza kwa kitambaa chenye unyevu wa dawa, kingoje kidogo juu yake, ndipo ipanguswe.

Limebaki jambo la masika. Unyevu wa hewa ukizidi sehemu 60 katika 100 kwa siku nyingi, kuvu huweza kuota ndani ya lenzi, na visiwa vyetu wakati wa mvua hupita kiasi hicho. Utaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, nawe utapangusa mpaka uchoke, kwa sababu ziko upande wa ndani. Hiyo ni kazi ya fundi, wala usifungue parafujo. Kuvu hupenda giza na hewa iliyotuama, na mkoba wa ngozi uliofungwa kabatini ni nyumba yake hasa. Itoe kamera mkobani, iweke ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko mzuri pamoja na vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu tunavyovikuta ndani ya maboksi ya viatu vipya. Badilisha vipakiti mara kwa mara, na uitumie kamera, isilale miezi. Lakini usiiache juani imeelekezwa jua ili ikauke. Lenzi hukusanya jua kama kioo cha kukuzia, na yaweza kuunguza vyombo vya ndani.

Kamera ya chama, pamoja na mikwaruzo yake, iko ofisini kwa mwanachama yeyote atakaye kuiazima. Ndani ya chombo chake mna kipira, brashi, kichupa cha dawa na vitambaa viwili. Chenye uzi mwekundu ni cha lenzi peke yake. Cheupe ni cha mwili wa kamera. Tafadhali visichanganywe, na kilichotumika kirudishwe mkononi mwangu kabla ya kurudishwa chomboni, nikifue.