Kwa Nini Niupende Mtaa Wenye Watu wa Kila Aina?



Somo letu leo ni mtaa unaoishi. Hapa kwetu Chato kuna Wazinza na Wasubi, kuna Wasukuma, Waha, Wahaya, na Wajita waliofuata samaki wa ziwa. Wengine wameletwa na biashara ya dhahabu. Nyumba moja ya kupanga inaweza kuwa na mtu anayeenda msikitini Ijumaa, Msabato anayesali Jumamosi, na sisi wa Misa ya Jumapili. Wapo wanaosema maisha haya ni vurugu tupu. Mimi naona sababu tatu za kuyapenda.

1. Mji unahitaji watu wanaotofautiana
Katika falsafa tulimsoma Aristotle akimpinga mwalimu wake Plato. Kwa Aristotle, ukitaka mji uwe na umoja uliopitiliza, unauua, kwa sababu mji hufanywa na watu wasiofanana. Angalia sokoni: mvuvi anamhitaji mkulima wa mihogo, na wote wawili wanamhitaji wa bodaboda. Kijiji cha wavuvi watupu kitakula dagaa bila ugali!

2. Kanisa lilikulia katika mji kama huu
Wafuasi wa Yesu waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza Antiokia (Mdo 11:26), mji wa mchanganyiko hasa. Soma Mdo 13:1 uone viongozi wake: Barnaba wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene huku Afrika ya Kaskazini, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli wa Tarso. Hawakuanzisha kanisa la kila kabila. Ndiyo maana hata jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele mwaka 1976, zinafuata ujirani wa nyumba. Hukuchagua nani akae karibu nawe kwenye rozari. Umepewa.

3. Mtaa unajibu swali la mwanasheria
Katika Lk 10:25-37 mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani. Yesu alimpa mfano wa Msamaria, mtu wa kundi ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo, kisha akamgeuzia swali: nani alikuwa jirani kwa aliyeumizwa? Papa Fransisko alitumia sura nzima ya waraka wake Fratelli Tutti, wa tarehe 3 Oktoba 2020, kutafakari mfano huo. Usisubiri kuambiwa jirani yako ni nani. Anza wewe kuwa jirani.

Lakini tusidanganyane
Kukaa karibu siyo kupendana. Februari 2013, hapa hapa wilayani kwetu, Buseresere, ugomvi kati ya Wakristo na Waislamu kuhusu nani achinje nyama ya kuuzwa buchani uliishia kwa mchungaji mmoja kuuawa. Watu waliokuwa wakinunua kitoweo soko moja! Mimi najifunza kwamba ugomvi ukishafika, muda wa kuanza kufahamiana umepita. Imani kati ya majirani hujengwa mapema, kwa salamu, kwenye misiba, na kwa kukataa kusambaza meseji za chuki za WhatsApp hata kama zimetumwa na Mkatoliki mwenzako.

Kumpenda jirani Mwislamu au Msabato hakukupunguzii Ukatoliki. Mtu anayejua anachoamini hana haja ya kumwogopa anayeamini tofauti.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya
- Ni majirani wangapi wasio wa dini yangu ninaowajua kwa majina?
- Nani kwenye mtaa wetu anasahaulika, kama wale wajane wa Mdo 6:1?

Kazi ya wiki: mtembelee jirani mmoja ambaye hujawahi kuingia kwake. Usiende kumhubiria. Nenda kamjulie hali.

Tusali: Ee Bwana, uliyekubali kuitwa Mnazareti, mtu wa mtaa fulani, utufundishe kuupenda wa kwetu na wote waliomo. Amina.